Timu Moja Imechana Mkeka

Jumapili usiku, mechi za Ulaya zikiisha, kauli inayosikika zaidi kwenye vibanda vya kuonyeshea mpira Mwanga na Ujiji, Kigoma, ni ile ile: "Timu moja tu imenichania mkeka." Anayeisema hunyoosha karatasi yake ya mkeka, yaani beti ya mechi nyingi kwa pamoja inayolipa timu zote zikishinda tu: mistari 10, tisa imetiki. Anayesikiliza humpa pole, na wote wawili huondoka wakiamini kwamba ushindi ulikuwa jirani kabisa. Imani hiyo ndiyo inayomrudisha mtu kwenye dirisha la kubeti siku mbili baadaye, Ligi ya Mabingwa ikianza.

Wapo wanaotaka vijana wafundishwe uwezekano kwa kutumia mkeka wenyewe, odi kwa odi, odi ikiwa namba ambayo dau huzidishwa nayo ukishinda. Wengi wanalikataa wazo hilo: wazazi, masheikhe, wachungaji, hata walimu wa Hisabati. Wanaona kwamba kumfundisha kijana hesabu ya kamari ni kumfungulia mlango wa kamari.

Hoja yao ina uzito. Kwa Mwislamu wa Ujiji kamari ni haramu hata kama odi ingekuwa ya haki, na haramu haisubiri asilimia. Pia anayejua hesabu nusu hujiona mtaalamu. Wauza "mikeka ya uhakika" kwenye makundi ya WhatsApp nao hunena kwa asilimia, na wateja wanapata. Aliyekwisha kunaswa, anayebeti ada ya mtoto, haokolewi na kikokotoo. Huyo anahitaji watu wa kukaa naye, na mtu mwingine wa kumshikia pesa.

Ila hoja hiyo inachukulia kwamba hesabu inashawishi. Ikiishia katikati, kweli inashawishi. Ikifika mwisho inafanya kinyume, na ni wachache waliopelekwa hadi huko.

Chukua mechi yenye odi 2.10 kwa mwenyeji, 3.20 kwa sare na 3.40 kwa mgeni. Gawanya 1 kwa kila odi. Unapata asilimia 47.6, 31.3 na 29.4. Jumlisha: 108.3. Mechi haiwezi kuwa na matokeo zaidi ya asilimia 100, kwa hiyo hizo 8.3 za juu ni ujira wa kampuni ya kubeti, nao umeshakatwa kabla mpira haujapigwa. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kulifanya hili kwa nusu dakika akiwa bado kwenye foleni.

Sasa uje kwenye mkeka wa "timu za uhakika", 10 zenye odi 1.25 kila moja. Odi 1.25 inadai kwamba timu itashinda mara 80 kati ya 100. Tuwe wapole, tuseme kampuni imejikatia asilimia 5 tu, hivyo nafasi ya kweli ni 76. Mkeka unalipa 1.25 ikizidishwa yenyewe mara 10, yaani mara 9.31 ya dau. Nafasi ya zote 10 kushinda ni 0.76 ikizidishwa yenyewe mara 10, yaani asilimia 6.4. Kwa nafasi hiyo malipo ya haki ni mara 15.6.

Pengo limetoka wapi, kama kampuni imekata asilimia 5 tu? Limetoka kwenye kuzidisha. Makato ya asilimia 5 yamepigwa mara 10, kila timu na yake. Ukigawa shilingi 10,000 kwa beti 10 za 1,000, moja moja, kwa wastani unapoteza 500. Ukizifunga shilingi zile zile kwenye mkeka mmoja wa timu zile zile, kwa wastani unapoteza 4,013. Ile bonasi ya mkeka mrefu inayoandikwa kwa herufi kubwa haizibi pengo. Hata wakikuongezea asilimia 20 juu ya malipo yote, 9.31 inakuwa 11.2, na 15.6 bado iko mbali. Kisha kodi ya ushindi inakatwa hapo hapo.

Lakini hesabu ambayo kila kijana wa Kigoma anastahili kuiona ni ya hiyo timu moja. Kwenye mkeka huu huu, nafasi ya timu moja tu kuanguka, si sifuri wala mbili, ni asilimia 20.3. Linganisha na 6.4 ya kula. Mkeka unaochanwa na timu moja unatokea zaidi ya mara tatu kwa kila unaoliwa. Unaochanwa na timu mbili ni asilimia 28.8. Ukiijumlisha hiyo mikeka ya moja na ya mbili, ni karibu nusu ya mikeka yote. Kwa wastani timu zinazoanguka ni 2.4.

Kwa hiyo kijana aliyepata tisa kati ya kumi hakuwa jirani na ushindi kwa namna anavyodhani. Tisa kati ya kumi ndivyo mkeka wa namna hii unavyopotea siku zake za kawaida. Hakuna mwamuzi aliyemwonea, wala timu iliyomsaliti, wala haina maana ajilaumu kwa kuiweka. Angeitoa hiyo, nyingine tisa bado zilikuwa na makato yake. Ile hisia ya "karibu" imo ndani ya urefu wa mkeka, na hakuna nasaha ya jumla itakayomwonyesha hilo. Kumwambia "acha kamari" hakugusi karatasi aliyoishika, yenye tiki tisa.

Kosa la pili ni la zamu: "Wiki sita nimeliwa, sasa ni zamu yangu." Wengi hulicheka, nami naona lina asili ya heshima. Mvuvi wa dagaa wa Kibirizi anajua kwamba siku za mbalamwezi taa haivuti dagaa, hivyo hupumzika, na giza likirudi ziwa linatoa tena. Kwake, baada ya ukame kuna neema, na anajua sababu: ni mwezi. Ziwa lina mzunguko, sarafu haina. Ikitua kichwa mara sita, ya saba bado ni nusu kwa nusu, kichwa au mwenge. Anayembeza kijana huyu hajaelewa kwamba amechukua elimu ya kweli ya ziwani akaipeleka mahali ambapo haifanyi kazi.

Watu wa poka, mchezo wa karata wa pesa, nao wana haki ya kusikilizwa, maana kule hesabu hubadilisha uamuzi katikati ya mchezo. Una kopa nne, unahitaji ya tano ili ushinde, na imebaki karata moja kufunuliwa. Kati ya karata 52 umeona 6, hujaona 46, na kopa ndani yake ni 9: asilimia 19.6. Chunguni, yaani kwenye pesa zinazogombewa, kuna 8,000, mpinzani anaweka 2,000. Unalipa 2,000 kugombea 10,000, na inatosha ufanikiwe mara 2 kati ya 12, asilimia 16.7, hivyo lipa. Angeweka 8,000, ungehitaji asilimia 33.3, basi kunja karata. Mezani bei inawekwa na mchezaji mwenzako, ambaye hukosea. Mkekani inawekwa na yule yule anayekuuzia.

Shuleni uwezekano kwa miaka mingi umekuwa mada ya Hisabati ya kidato cha nne, kwa Kiingereza, na dadu za mfano. Aliyeishia darasa la saba hajawahi kukutana nao, na dirisha la kubeti linamsubiri akitimiza miaka 18 tu. Hapo ndipo hofu ya wapingaji inapompa nafasi muuza mikeka: yeye ndiye mwalimu pekee wa asilimia aliyebaki mtaani.

Somo lenyewe halihitaji hata shilingi moja ya dau. Weka kwenye mfuko punje 19 za maharage ya njano na 6 za mekundu, ambayo ni 76 kwa 24 kamili. Kila mwanafunzi achomoe punje moja bila kuangalia, aandike rangi, airudishe, atikise mfuko, mara 10. Asipoirudisha, nafasi hubadilika kila punje na hesabu inaharibika. Darasa la watu 50 likimaliza, watatu hivi watakuwa na njano tupu. Kumi hivi watasimama na nyekundu moja tu, kila mmoja akiwa na hakika kwamba amekosa kidogo.