Usinunue kopo, nunua gramu

Mtu akirudi Mwanza kutoka kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, au kama watu wanavyosema mtaani, "kukatwa utumbo", ndugu humletea vitu vitatu: kopo kubwa la poda lenye picha ya mwanaume wa misuli, mfuko wa unga wa lishe, na chupa ya supu ya mapanki. Vyote vimeletwa kwa upendo. Kwa maoni yetu, hakuna hata kimoja cha kutegemea kwa protini, na kibaya zaidi vinamwaminisha mgonjwa kwamba ameshakula.

Hesabu yenyewe inabana. Tumbo lililokatwa ubavuni likabaki kama ndizi hubeba takriban mililita 100 hadi 150. Kifuko cha aliyefanyiwa baipasi, yaani tumbo dogo lililounganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, huanza na mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vya mezani. Na humo ndimo zinatakiwa kupita gramu 60 hadi 80 za protini kila siku, au zaidi daktari akiagiza. Kila kijiko lazima kilipe kodi ya nafasi yake. Protini ikipungua, mwili unaoshuka uzito kwa kasi huanza kula misuli pamoja na mafuta, vidonda huchelewa kupona na miguu inaweza kuvimba. Nywele kukatika kati ya mwezi wa tatu na wa sita ni kawaida kwa sababu ya mshtuko wa upasuaji na kupungua haraka, ila zikiendelea baada ya hapo, angalia sahani yako, damu na madini ya chuma.

Tuanze na mapanki, maana hapo ndipo ubishi ulipo. Mapanki ni mifupa ya sangara inayobaki viwandani minofu ikishatolewa. Ukiyachemsha, yanatoa mchuzi mzito unaonata mdomoni, na watu huuona uzito ule kuwa nguvu. Ule ni utando wa kolajeni ulioyeyuka. Kolajeni ni protini, lakini imepungukiwa: haina kabisa triptofani, kijenzi cha protini ambacho mwili hauwezi kujitengenezea. Supu hiyo inafaa kama maji na chumvi, basi. Mabondo, yaani vibofu vya hewa vya sangara, nayo ni kolajeni, hata kama bei yake kwa wanunuzi wa nje inatisha. Kwa hiyo poda za kolajeni zinazouzwa kwa ajili ya ngozi na kucha usiziingize kwenye hesabu ya gramu 60.

Unga wa lishe ni mahindi, ulezi na mchele, na soya au karanga kidogo. Sehemu kubwa ni wanga. Ni uji mzuri kwa mtoto, ila kwa tumbo la vijiko viwili umekula nafasi bure.

Kopo la mwanaume wa misuli ndilo hatari zaidi, kwa sababu mara nyingi ni poda ya kuongeza mwili. Geuza kopo usome nyuma. Tafuta namba mbili: uzito wa kipimo kimoja na gramu za protini ndani yake, kisha gawanya. Gramu 24 ndani ya kipimo cha gramu 30 ni asilimia 80, hiyo ni poda ya protini. Gramu 15 ndani ya gramu 100 ni sukari na maltodekstrini, yaani wanga mwepesi, iliyonyunyiziwa protini. Aliyefanyiwa baipasi akinywa kitu hicho, sukari huporomokea kwenye utumbo mwembamba kwa mkupuo: jasho, moyo kwenda mbio, kuhara, kizunguzungu. Sukari isizidi gramu 5 kwa kipimo.

Fanya na hesabu ya fedha. Tuseme kopo la gramu 900 lenye asilimia 80 linauzwa shilingi 150,000. Ndani mna gramu 720 za protini, kila moja shilingi 208 hivi. Ndoo ya kilo 3 yenye asilimia 15, kwa shilingi 120,000, ina gramu 450 tu, kila moja shilingi 267. Ndoo kubwa ndiyo ghali.

Kwa aina, chaguo letu la kwanza ni wei aisoleti, protini ya maziwa iliyochujwa mpaka laktosi, sukari ya maziwa, ikabaki kidogo sana. Wei konsentreti, isiyochujwa kiasi hicho, ni nafuu, lakini kama maziwa fresh yanakujaza gesi, nayo itakujaza. Asiyetumia maziwa kabisa achukue aisoleti ya soya. Ukiona glisini au taurini zimeongezwa mwanzoni mwa orodha ya viambato, acha: ni viongezeo rahisi vinavyopandisha namba ya protini kwenye kipimo cha maabara. Poda iliyofunguliwa ikapimwa upya kwenye mifuko ya nailoni, usiiguse hata kwa nusu bei. Na usinunue kopo kubwa kabla ya upasuaji, maana ulimi hubadilika. Ladha ya vanila uliyoipenda inaweza kukutapisha.

Kuchanganya nako kuna kosa lake. Ukimwaga poda kwenye uji unaochemka, inaganda madonge kama yai. Ngoja uji upoe mpaka uweze kuunywa, koroga poda pembeni kwa maji ya baridi, kisha unganisha. Ukitikisa sana kwenye chupa, mapovu yatakujaza hewa. Koroga kwa kijiko, acha dakika kumi. Mililita 200 zinywe taratibu kwa nusu saa, mara tatu kwa siku.

Ila poda ni daraja. Kuanzia hatua ya chakula kilichopondwa, kwa wengi wiki ya tatu au ya nne, ziwa lichukue kazi. Mnofu wa sangara au sato uliopikwa kwa mvuke, gramu 60, una protini karibu 13. Uponde na mchuzi wake, kwa sababu samaki mkavu wa kukaanga hukwama kifuani hata ukitafuna. Yai moja ni gramu 6. Dagaa waje baadaye, kwenye wiki ya sita hivi. Pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, uliza waliokaushwa kwenye chanja. Wa mchangani watakukwaruza. Waoshe haraka, wakaushe, wakaange bila mafuta kwa moto mdogo mpaka wavunjike, saga, chekecha mara mbili. Gramu 20 za unga huo zina protini kama 11. Uchemshe ndani ya mchuzi, usiunyunyize bila kuuchemsha. Maji ya kunywa yasubiri nusu saa baada ya chakula.

Mwenye ugonjwa wa figo asianze poda yoyote kabla daktari hajaona majibu ya damu. Vidonge vya vitamini navyo viko palepale, B12 ikiwemo, hata kopo likijigamba kuwa lina kila kitu. Na kama unatapika kila kinachoingia zaidi ya siku moja, acha kubadilisha makopo. Nenda hospitali siku hiyohiyo, uwaambie ulifanyiwa upasuaji gani na lini, na uulize kuhusu vitamini B1 kabla hawajakuwekea dripu ya sukari.