Bajeti ya Kaunti ya Nairobi: Tunaitwa Ugali Ukishaiva

Mkutano wa kukusanya maoni ya wananchi kuhusu bajeti uliitishwa saa tatu asubuhi, siku ya Jumatano, katika ukumbi mmoja wa Eastlands. Meza ya wakubwa ilijaa saa nne na nusu. Tulikuwa labda watu sitini: kina mama wengi, wazee kadhaa, na vijana waliokaa karibu na mlango wakingoja kujua kama kuna nauli. Tukagawiwa karatasi mbili za Kiingereza, muhtasari wa kitabu kinene ambacho afisa alikiinua tukione kisha akakirudisha mezani. Mzee mmoja akasimama kuuliza: ile taa ya mulika mwizi tuliyoomba mwaka juzi pale stejini iko wapi? Afisa akamshukuru kwa swali zuri, akaliandika.

"Hata mwaka jana uliandika," mzee akamwambia.

Watu wengi Nairobi wameshaamua kwamba mikutano hii ni kiini macho, na sababu wanazo. Anayeuza mboga Gikomba au kufanya kibarua Industrial Area akija kukaa ukumbini Jumatano asubuhi, siku hiyo nyumbani hakuingii kitu. Tangazo lenyewe hutoka gazetini, na gazeti lina bei. Kisha anaulizwa maoni kuhusu hesabu za mabilioni ambazo ameziona dakika kumi zilizopita. Nairobi ina wadi 85 na watu 4,397,073 kwa sensa ya 2019. Hata kila wadi ingepata ukumbi uliojaa watu mia mbili, hao ni 17,000 tu.

Ila nimewahi kuwasikiliza pia wanaokaa upande ule mwingine wa meza, na malalamiko yao si ya kupuuzwa. Watu huja kudai kituo cha polisi au madarasa ya sekondari, mambo ambayo Katiba imeyaacha kwa serikali kuu. Kaunti ina zahanati, chekechea, masoko, takataka, taa za barabarani na barabara za mitaa. Nusu ya mkutano huishia kwenye kueleza hilo. Wengine huletwa na mwakilishi wadi wakiwa wamefundishwa la kusema, na kila mtaa unataka mradi upite kwake. Afisa mmoja aliniambia kwamba akiandika yote yanayotakwa katika ukumbi mmoja, bajeti ya kaunti nzima itaishia wadi hiyo. Alitia chumvi, lakini si sana.

Tukifika kwenye sheria, jambo linakuwa la ajabu kidogo. Katiba ya 2010, kifungu cha 196, inalilazimisha bunge la kaunti kufanya kazi yake hadharani na kushirikisha umma. Aprili 2014 Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu aliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013, ile ya kodi na ada, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Alitaka kaunti ziwafuate watu makanisani, misikitini, kwenye mabaraza na katika redio za lugha za mama. Uamuzi mzuri sana. Lakini nadhani ndio uliozifundisha kaunti zote kuogopa kesi, na mwenye kuogopa kesi hukusanya ushahidi. Ndiyo maana siku hizi kitu cha kwanza kupita ukumbini ni daftari la mahudhurio, na cha pili ni mpiga picha. Sahihi yangu, niliyoiweka nikidhani nimekuja kusema, ni kinga ya mtu mwingine akishtakiwa.

Mahakama ya Rufaa ilijaribu kwenda mbali zaidi. Julai 2024, ilipofuta Sheria ya Fedha ya kitaifa ya 2023, ilidai Bunge lieleze kwa nini lilikataa maoni ya watu. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikaupindua uamuzi huo, ikisema hakuna wajibu wa wazi wa kisheria wa kutoa sababu za maandishi. Hiyo ilikuwa kesi ya Bunge la Taifa, lakini inanipa picha ya mzee wetu na taa yake: sheria inamhakikishia swali, jibu haimhakikishii.

Hata hivyo, kinachonikera zaidi ni kalenda. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeupanga mwaka wa bajeti hatua kwa hatua. Kufikia Septemba 1 kaunti inapeleka kwenye bunge la kaunti mpango wa maendeleo wa mwaka, unaotaja miradi itakayofanywa. Kufikia Februari 28 inapeleka waraka wa mikakati ya fedha, unaoweka kiwango cha juu cha kila idara: afya hawatapita hapa, barabara hawatapita pale. Makadirio yenyewe huja kufikia Aprili 30, na kabla ya Juni 30 yawe yamepitishwa. Sasa, mikutano inayotangazwa kwa kishindo, yenye mahema na vipaza sauti, ni ya Mei. Wakati huo ugali umeshasongwa na sahani zimeshahesabiwa. Mwananchi wa Mei anaweza kuhamisha mulika mwizi kutoka kona hii hadi ile. Kuiongeza ambapo haikuwepo ni vigumu, kwa sababu lazima apatikane wa kupunguziwa.

Maafisa hujibu kwamba hatua zote ziko wazi kwa umma, na ni kweli. Sheria hiyohiyo inadai kila kaunti iwe na jukwaa la bajeti na uchumi, ambamo wawakilishi wa wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, wazee na walemavu wanakaa na gavana na mawaziri wake. Lakini mlango ulio wazi uchochoroni usikojulikana hauna tofauti kubwa na uliofungwa.

Wanaosema jiji kubwa hivi haliwezi kusikiliza watu wake, mimi huwapeleka Mukuru, mtaa wa mabanda. Mwaka 2017 kaunti iliitangaza Mukuru kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalum la mipango. Huko hawakuitana ukumbini mara moja kwa mwaka. Kaya kumi kumi zilijichagulia msemaji, wasemaji wakakusanyika kwa makundi makubwa zaidi, na Muungano wa Wanavijiji, shirika la wakazi wa mitaa ya mabanda, pamoja na mashirika mengine yakafanya kazi ya mguu kwa mguu. Ilichukua miaka. Mwaka 2020, wakati huduma za jiji zikisimamiwa na NMS, idara ya serikali kuu iliyokuwa chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi, barabara zilianza kupita mle ndani.

Nisiipambe Mukuru kupita kiasi. Novemba 2021 tingatinga ziliingia Mukuru kwa Njenga kufungua njia ya barabara, na maelfu ya watu wakalala nje. Hakuna kikundi cha kaya kumi kilichoulizwa siku hiyo.

Na kuna jambo ambalo hata mkutano mzuri hauligusi. Nairobi inaongoza kaunti zote 47 kwa madeni inayodaiwa na wanakandarasi na watoa huduma, zaidi ya shilingi bilioni 80 kwa ripoti za Mdhibiti wa Bajeti. Mradi unaweza kuombwa mapema, ukaandikwa, ukapitishwa, na mwanakandarasi akakataa kusukuma hata toroli kwa kuwa ya mwaka ule hajalipwa. Huenda taa ya mzee imo vitabuni tangu mwaka juzi. Afisa angeweza kumwambia hivyo: imepitishwa, pesa hazikutoka. Jibu hilo lingeudhi, lakini lingempa mahali pa kushika.

Tulipotoka nikamfuata mzee hadi stejini, nikamshauri asingoje Mei ijayo, aende mapema, Agosti, mpango wa maendeleo ukiwa bado unaandikwa.

Akaniangalia. "Wa Agosti? Huo hutangaziwa wapi?"

Nikatoa simu kumwonyesha. Nilitafuta mpaka matatu yake ikajaa, ikaondoka naye.