Vijiji vyote vya Uganda vinatafuta nini kwenye simu yangu?

Fomu nyingi za mtandaoni hapa kwetu zinakutaka uchague wilaya, halafu kaunti, gombolola, muluka, mpaka kijiji. Mtengenezaji mvivu hukushushia orodha yote kwa mpigo, hata kabla hujagusa kitu, nawe unatazama kiduara kikizunguka huku data ikiliwa. Na data hiyo, tangu Julai 2021, inatozwa kodi ya asilimia 12, iliyokuja badala ya ile ya mitandao ya kijamii ya mwaka 2018. Ukurasa mzito una bei, na anayelipa si aliyeutengeneza.

Mimi nasema kutafuta ni kazi ya seva, yaani kompyuta ya mbali inayotunza orodha hiyo. Mtu aandike herufi mbili tatu, kivinjari kiulize, seva irudishe majina kumi hivi, achague. Wala si ufundi mpya: XMLHttpRequest, njia ya ukurasa kuiuliza seva bila kupakiwa upya, ilikuja na Internet Explorer 5 mwaka 1999, Google Suggest, iliyopendekeza maneno unapoandika, ikawaonyesha watu utamu wake mwaka 2004, na mwaka uliofuata Jesse James Garrett akaupa ufundi huo jina la Ajax. Leo fetch, amri ya JavaScript, inafanya kazi hiyo kwa mistari michache, kwa hiyo sioni udhuru.

Ila wengi wakishaonyesha majibu hudhani wamemaliza. Kuna Katwe ya Kampala, kuna Katwe ya Kasese penye ziwa la chumvi, na Masaka nako kuna Katwe. Ukimwonyesha mtu "Katwe" tatu zilizofuatana, umempa bahati nasibu. Seva ilete jina, wilaya, na namba ya utambulisho ya mahali hapo. Mtu asome "Katwe, Kasese", lakini fomu ipeleke namba. Namba ikirudi, seva iikague upya, maana kivinjari kiko mikononi mwa mtumiaji na anaweza kutuma chochote anachotaka.

Kisha tahajia, ambayo ndiyo hunipa kazi kuliko yote. Najjera, Najera, Najjeera: zote utaziona kwenye mabango ya mtaa mmoja. Muganda ana kanuni zake za r na l. Mzungumzaji wa Kiswahili aliyetoka Arua anaandika anavyosikia. Dawa yangu ni kuongeza safu ya pili kwenye hifadhidata, yenye jina lililorahisishwa: herufi pacha ziwe moja, r zote ziwe l, herufi kubwa ziwe ndogo. Alichoandika mtumiaji kinapitishwa chujio hilo hilo, kisha ndipo vinalinganishwa. Tafuta kwa mwanzo wa neno, LIKE 'kat%' (alama ya asilimia ni "chochote kinachofuata"), ili faharasa, ile orodha iliyopangwa ya kuharakisha utafutaji, iweze kusaidia. Ukitanguliza alama ya asilimia, faharasa ya kawaida haina msaada. Na maneno ya mtumiaji yapite kama kigezo, yaani thamani inayotumwa kando, yasiunganishwe kamwe na sentensi ya SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, asije mtu akaingiza amri zake. Wakati wa kuyaonyesha majina, textContent, inayoyaweka kama maandishi matupu, inatosha. Ukizoea innerHTML, inayoyasoma kama HTML, siku moja utaendesha msimbo wa mtu usiyemjua.

Mtandao wetu nao una tabia zake. Mtu ameandika "kat", akaendelea hadi "katwe". Jibu la "kat" linaweza kuchelewa na kutua baadaye, likafuta lililo sahihi. AbortController, kifaa cha kivinjari cha kukatisha ombi, ipo kwa ajili hiyo: ombi jipya likitoka, la zamani likatwe. Usiulize kwa kila herufi pia. Subiri kidole kitulie, milisekunde 300 hivi, ndipo utume.

Na orodha tupu ijieleze. "Hakuna mahali penye jina hilo" na "mtandao umekatika" ni habari mbili tofauti: ya kwanza mtu atabadilisha tahajia, ya pili atabonyeza kujaribu tena. Ukinyamaza tu, atajichagulia kijiji cha jirani ili fomu ipite, na takwimu zako zitasema anaishi huko.