Mwenyeji wa leseni, mwenyeji wa kijiji

Uwindaji halali nchini Tanzania una sura mbili kubwa: wa kitalii, unaofanywa na wageni kutoka nje kupitia kampuni zenye vitalu, yaani maeneo ya kuwindia, na ule unaoitwa "uwindaji wa wenyeji". Huku wilayani Manyoni ni hilo neno "wenyeji" linalotibua watu. Mwenyeji wa kwenye leseni anaweza kuwa mtu wa Kinondoni, mwenye bunduki inayotambulika na Land Cruiser, asiyewahi kulala hata usiku mmoja katika kijiji kinachopakana na mapori ya akiba ya Kizigo au Muhesi. Mgogo aliyezaliwa hapo, ambaye babu yake alilenga digidigi kwa upinde, hahesabiki. Bunduki hana, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inakataza upinde, mitego na mbwa pasipo kibali.

Jioni moja nilikuwa kwenye kibanda cha chai kando ya barabara ya Itigi. Gari likapita taratibu, nyuma limebeba jokofu kubwa lililofungwa kwa kamba, maji mekundu yakidondoka kwenye vumbi. "Pofu huyo," akasema mzee mmoja, akimtaja yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala, macho hayajatoka kwenye kikombe. Mwingine akabisha kuwa ni swala tu. Nani angejua? Gari halikusimama. Yule aliyebisha ndiye tembo walimlalia shamba la mtama msimu uliotangulia, na kifuta jasho chake, malipo ya serikali kwa mazao yaliyoharibiwa, alikuwa bado anakifuatilia.

Wawindaji nao wana lao, na si dogo. Wanalipia leseni, wanalipia mnyama, wanapangiwa idadi na msimu. Wanaouliza kwa nini wasakamwe wao huku nyaya za kutega zikijaa porini, na watega nyaya wakiwa mara nyingi ni watu wa vijiji hivyohivyo, wanauliza swali la haki. Wenye vitalu huongeza kuwa doria zao zimezuia ng'ombe na misumeno kuingia. Hapo nakubaliana nao: kitalu kisicho na mtu hakikai mwaka bila kuvamiwa. Tena asilimia 25 ya ada za wanyama wanaowindwa kitalii hurudishwa halmashauri.

Shida ni kwamba halmashauri si kijiji. Fedha ikifika wilayani huchanganyika na nyingine, ikatoka kama madawati ya kata ya mbali, na mtu wa mpakani hana namna ya kujua kwamba dawati lile lilikuwa nyati. Anachokijua ni mlio wa risasi alfajiri, mizinga yake ya nyuki asiyoweza kuifikia, na nyama ipitayo. Tangu kanuni za 2020 ziruhusu bucha za nyamapori, mtu wa mjini anaweza kununua kilo yake na kupewa risiti, wakati kijana wa Manyoni akikutwa na paja la swala, njia yake ni mahakamani. Sheria haina kosa hapo, maana bucha ina kibali na kijana hana. Lakini jaribu kulieleza hilo kwenye mkutano wa kijiji usikie watakavyoguna.

Wapo wanaotaka uwindaji wa wenyeji ufungwe kabisa. Siwaungi mkono, kwani watega nyaya watabaki, na macho ya halali porini yatapungua. Ninachokitaka ni kidogo zaidi. Kila afisa anayeingia kijijini husaini kitabu cha wageni kwa mtendaji. Mwindaji naye asaini: leseni namba fulani, mnyama fulani, siku ngapi, na akitoka aonyeshe alichopata. Wawindaji hulijibu hili kwa haraka, kwamba mtendaji atageuza kitabu kuwa geti la kuombea hela ya soda. Inawezekana, watendaji wa hivyo tunao. Ila huyo analalamikiwa kwa jina na kwa tarehe, kwani kitabu kipo. Gari lenye jokofu lililopita jioni ile, hadi leo hakuna anayeweza kusema lilikuwa la nani, na pale kibandani bado wanabishana kama alikuwa pofu au swala.