Shume wa Mkekani

Nyumba yetu ya Kibokoni haina panya, ina paka shume. Si wetu, hata jina hatujampa, lakini saa ya kitoweo anaijua kuliko mpishi.

Nami nilikuwa nimesoma habari za Skinner, yule mwanasaikolojia wa Marekani aliyefunza njiwa kucheza mpira wa meza. Mnyama hurudia tendo lililomletea chakula. Ukitaka matendo kadhaa yafuatane, unaweza kuanza na la mwisho, lililo karibu na tonge, kisha ukarudi nyuma hatua kwa hatua. Nikajiambia: njiwa wa watu wacheze mpira, shume wangu ashindwe kukaa mkekani?

Basi kila akiruka mezani na kutia mguu kwenye sahani, nasema, "Mkeka!" Akishuka akakaa, nampa dagaa. Wiki ya pili hata neno silimalizi. Nikawa napita Mji wa Kale kifua mbele, utadhani wale njiwa niliwafunza mimi.

Ijumaa wakaja wakwe. Wali wa nazi, changu wa kupaka. Sijamega tonge la kwanza, shume huyo! Akaruka mezani, akachovya mguu kwenye mchuzi, taratibu, bila kuonja. Akashuka. Akaenda mkekani, nyayo za tui nyuma yake, akaketi akinitazama kama kibarua anayesubiri malipo ya jioni.

Hapo ndipo iliponiingia. Dagaa wangu hakulipia mkeka peke yake, alilipia safari nzima. Kwa shume, kuruka, kuchovya, kushuka na kukaa ni kazi moja. Asipopanda, atashuka vipi?

"Ulomfunza ni weye?" mke wangu akauliza.

Mama mkwe alikuwa ameinama ananawa. Alipoinua uso, akamkuta paka keshaketi. "Mashaallah, paka ana adabu huyu!" Akamrushia kichwa cha changu. Kichwa kizima, wallahi! Mie wiki zote hizo nampa dagaa.

Shume akakimaliza, akajilamba, akainuka kuanza zamu ya pili. Jasho likanitoka, nikapiga ukelele: "Mkeka!"

Paka akageuka. Baba mkwe naye akainuka na sahani yake.

"Afadhali," akasema, "viti hivi vyaniumiza mgongo." Akaketi kando ya shume.

Mke wangu akaninong'oneza: "Na babangu je, utampa dagaa?"