Mwisho wa siku ni saa ngapi?

Katika kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza, meneja aliwaambia wasimamizi wa zamu: "Mwisho wa siku nataka kumbukumbu zote za joto la chumba cha baridi." Kichwani alikuwa na ule usemi wa Waingereza, "at the end of the day", yaani hatimaye, ukishapima yote. Msimamizi mmoja, mtu mzima aliyeianza kazi kwenye meza ya kuchuna ngozi, alielewa Kiswahili kama kilivyo. Saa kumi na mbili jioni akaleta daftari limejazwa. Wenzake waliendelea kuingoja hiyo "hatimaye". Tulimcheka, nami nikiwemo, ingawa ni yeye peke yake aliyefanya kazi.

Siku hizi vikao vya ofisi na viwanda jijini vimejaa misemo ya aina hiyo, mingine imetafsiriwa, mingine imeachwa na koti lake: "let's circle back" (tutalirudia baadaye), "going forward" (kuanzia sasa), "with all due respect" (kwa heshima zote). Wapo wanaoiona kuwa ni maringo ya waliosoma. Wapo wanaosema ni kitendea kazi, kama kisu na kipimajoto.

Hawa wa pili hawajakosea. Minofu yetu huliwa Ulaya, na mnunuzi husoma karatasi kabla ya kuonja samaki. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu kwamba wengine walivuliwa kwa sumu, soko lilidai ushahidi: vipimo, kumbukumbu, ukaguzi. Vyote hivyo vilihitaji lugha ambayo mkaguzi wa Brussels angeielewa. Kijana anayejua namna ya kumwambia mnunuzi kwa adabu, kwa Kiingereza, kwamba mzigo utachelewa siku mbili, anaokoa mkataba. Hapo sina ubishi.

Kuna sababu nyingine ambayo watu huisema kwa sauti ya chini. Binti mmoja wa idara ya ubora aliniambia kwamba Kiingereza humpa mahali pa kusimama. Asubuhi ameshamwamkia msimamizi wa zamu "shikamoo", naye ameitikia "marahaba". Saa mbili baadaye amwambie mbele ya watu kwamba barafu haikutosha? Kwa Kiswahili, alisema, maneno yanamkwama kooni, anajiona anamvunjia heshima mtu wa umri wa baba yake. Akisema "with all due respect" anapita. Kiingereza hakina shikamoo. Nimelifikiria hilo siku nyingi, maana nilizoea kudhani misemo hii ni ya wenye vyeo tu, kumbe mdogo naye hujikinga nayo.

Lakini anapojikinga yeye, mwingine huachwa nje. Elimu ya msingi katika shule nyingi za serikali ni ya Kiswahili, Kiingereza huanza kutawala darasani kidato cha kwanza. Aliyeishia darasa la saba anaweza kuwa ndiye anayepokea samaki kutoka kwenye boti, anayejua kwa kutazama mashavu na jicho kama sangara amelala na barafu au amelala na jua. Getini amesalimiana na wenzake kwa Kisukuma, "mwangaluka", anacheka. Ndani ya kikao anakaa kimya, anatikisa kichwa. Ile sumu ya miaka ya tisini nani angeijua mapema, mwenye kuandika ripoti au mtu wa mwaloni?

Tusijidanganye, hata hivyo, kwamba tukifukuza Kiingereza tutakuwa wakweli. Kiswahili cha ofisini nacho kina maficho yake: "suala linafanyiwa kazi", "mchakato unaendelea", "tuko mbioni". Ukiuliza nani anakimbia na anakwenda wapi, hupati jibu. Ukwepaji haujui mipaka ya lugha. Tofauti ni kwamba "tuko mbioni" kila mtu anaijua ni nini, hata mfagizi atacheka, ila "circle back" inaweza kumfanya adhani kweli kuna kitu kimeamuliwa.

Kwa hiyo ninaelemea upande mmoja, ingawa si kwa uzito wote. Barua ya mnunuzi na kikao naye viwe vya Kiingereza safi. Kikao cha ndani kiwe cha Kiswahili, na katibu aandike mbele ya kila azimio jina la mhusika na saa. Lugha ya kikao tunayo tangu zamani: akidi, yatokanayo, mengineyo. Hata kinga anayoitafuta yule binti imo. Bungeni Dodoma mbunge kijana humpinga mkongwe bila kumgeukia: "Mheshimiwa Spika, taarifa." Maneno yanapitia kwenye kiti, kwa hiyo hayamgongi mzee usoni. Kiwandani "Mwenyekiti, naomba kuongezea" inaweza kufanya kazi ileile, mradi mwenyekiti mwenyewe aizoee na asiigeuze kuwa ugomvi wa watu wawili.

Nilimpa binti wazo hilo. Akacheka, akasema atajaribu: shikamoo ataitoa mlangoni, barafu ataipeleka kwa Mwenyekiti.