Chakula kikitengwa huliwa. Fedha je?

Juzi asubuhi nilikuwa kwa mama lishe wangu karibu na soko la Mbuyuni, hapa Moshi. Mtori umeshafika, unafuka mvuke, na runinga ya ukutani iko Bungeni, kipindi cha maswali na majibu. Mbunge wa mkoa wa mbali kabisa na huku akasimama kuuliza ni lini Serikali itamalizia boma la zahanati lililojengwa kwa nguvu za wananchi jimboni kwake. Naibu Waziri akainuka na karatasi yake, kwa niaba ya Waziri akaomba kujibu kama ifuatavyo: Serikali inatambua umuhimu, inawapongeza wananchi, na fedha zimetengwa katika mwaka huu wa fedha. Meza zikagongwa.

Nikaweka kijiko chini.

Kwetu mlimani tunalo boma la namna hiyo hiyo. Lilifika kwenye lenta likaishia hapo. Vijana walisomba mawe kutoka mtoni kwa mabega yao, mama yangu alitoa mikungu ya ndizi ikauzwa, sisi tulioko mjini tukachanga kwenye kundi la WhatsApp, na kila mwaka tunaletewa habari njema kwamba fedha zimetengwa. Krismasi iliyopita tulipopanda nyumbani nilichungulia ndani. Katika chumba ambacho kwenye ramani ni cha kujifungulia umeota mgomba, mnene, na una mkungu. Hadi leo huo ndio uzazi pekee uliowahi kutokea mle.

"Kaka, mtori unapoa," mama lishe akanikumbusha. Nikamwambia kinachonikera. Akacheka: "Mimi nikikutengea chakula si unakula? Hao wametenga nini sasa?"

Amemaliza kila kitu yule mama, ila mimi ni mtu wa maneno mengi, kwa hiyo naendelea.

Kuna vitenzi vinne ambavyo mawaziri wetu huvichanganya kama dengu na mchele: kutenga, kuidhinisha, kutoa, kutumia. Mwezi wa 6 Waziri wa Fedha anasimama na hotuba ya bajeti, na bajeti ya 2025/26 ilikuwa ya Sh56.49 trilioni. Hapo fedha zimetengwa. Bunge linapitisha, zimeidhinishwa. Tarehe 1 Julai mwaka wa fedha unaanza, na kuanzia siku hiyo hela inatoka Hazina kwa mafungu, kidogo kidogo, kadiri ya makusanyo na kadiri ya nani amesukuma. Ikifika 30 Juni, mradi mmoja umepata zote, mwingine nusu, mwingine umepata pongezi. Anayesoma ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, anazijua zile safu mbili za jedwali, bajeti iliyoidhinishwa upande huu na fedha zilizopokelewa upande ule. Katikati ya safu hizo ndipo lilipo boma letu, pamoja na mgomba wake.

Sasa linganisha na kamati ya harusi. Nimekaa kwenye kamati nyingi, Moshi na Arusha, za ndugu, za majirani, hata ya mtu ambaye bwana harusi mwenyewe sikuwa namjua vizuri. Mhazini anasoma daftari kwa sauti: jina, ahadi, taslimu. Jina, ahadi, taslimu. Hakuna anayepiga makofi kwenye ahadi. Mwenyekiti anauliza swali moja tu, "Taslimu tumefika ngapi?", na kwa jibu hilo anaamua kama ndafu ni wawili au mmoja, kama ukumbi ni ule wa mjini au tuweke turubai kwa baba mdogo. Mpishi halipwi ahadi. Mwezi uliopita kwenye kikao kimoja pale Arusha jina langu lilisomwa: ahadi laki moja na nusu, taslimu elfu hamsini. Nikajitia mjanja, nikasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, fedha zimetengwa." Watu wakacheka sana. Mhazini, binti wa watu, hakucheka. "Kaka, ungetuambia zinatoka tarehe ngapi ili niandike."

Binti yule yuko kwenye kamati ya harusi. Bungeni tuna watu zaidi ya mia tatu.

Mbunge wangu wa juzi alikuwa na nafasi ile ile. Swali la msingi hupelekwa mapema, kwa hiyo jibu lake hupikwa ofisini na kuchujwa mpaka linakuwa maji. Ila akishajibiwa, muulizaji hupewa maswali mawili ya nyongeza, na hapo Waziri anatakiwa kujibu akiwa amesimama. Ndiyo nafasi ya kusema: zilizotengwa ni ngapi, mpaka leo asubuhi zimetoka ngapi, na zimeingia akaunti ipi? Maneno hayazidi kumi na tano. Yeye la kwanza alilitumia kumshukuru kila mtu anayeshukuriwa, la pili akamwomba Naibu Waziri waongozane jimboni "akajionee". Akaone nini? Boma halijajificha. Na Naibu Waziri yuko tayari, Mheshimiwa Naibu Spika, baada ya Bunge hili.

Hapa hakuna upendeleo anaoomba mbunge. Ibara ya 63 ya Katiba imeandika wazi kwamba Bunge linaweza kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake.

Najua mtu ataniambia takwimu ni ngumu. Ngumu wapi? Sensa ya 2022 ilituhesabu Kilimanjaro tukawa 1,861,934. Huyo wa nne wa mwisho huenda alikuwa bibi yangu, maana makarani walimfuata mpaka migombani. Nchi inayoweza kumhesabu bibi kizee kwenye kihamba chake haishindwi kuhesabu maboma, nayo hayatembei.

Haya, nikubali kidogo, shingo upande. Hazina haiwezi kutoa isichokusanya. Mapato yakipungua, lazima kitu kisubiri, na waziri mkweli atakuwa na siku mbaya Bungeni. Sawa. Basi aseme hivyo: tulitenga, hatukutoa, hela ilienda kulipa deni au mishahara. Tutanuna, tutaelewa. Kwenye harusi nako mtu husema "mwezi huu nimeuguliwa" na kamati inampa pole.

Na nikubali pia kwamba swali lenye orodha huwa halikosi nguvu. Wakulima wa kahawa wa huku walilalamikia tozo miaka mingi, moja moja kwa jina lake, hata muuza mbolea alikuwa anazijua, na mwaka 2017 Serikali ikafuta kadhaa. Tozo ina jina na kiasi. Haikubali kujificha nyuma ya "mchakato".

Kwa nini wabunge hawaulizi, sasa? Wengine uvivu, wengine chama. Na kuna Ibara ya 90, ambayo inampa Rais nguvu ya kulivunja Bunge likikataa bajeti. Sidhani kama kuna anayeisahau wakati wa kupiga kura ya ndiyo. Halafu kuna kumbukumbu ya 2019. Profesa Assad, akiwa CAG, alihojiwa nje ya nchi kuhusu ripoti zake kutofanyiwa kazi, akasema anadhani huo ni udhaifu wa Bunge. Akaitwa mbele ya Kamati ya Maadili. Aprili ile Bunge likaazimia kutofanya kazi naye, na kufikia Novemba alikuwa na mrithi. Nilitegemea Bunge lililoudhiwa kwa kuitwa dhaifu litajibu kwa kuuliza maswali magumu mpaka mawaziri watoke jasho.

Nimelipa ile laki iliyobaki, kama mnataka kujua. Jana usiku, kwa simu, na ujumbe wa muamala nimeutupia kwenye kundi la harusi kabla sijaanza kuandika haya. Mhazini amejibu kwa neno moja: "Imeingia." Halafu nikafungua kundi la kijiji, ambako mtu alikuwa ametuma kipande cha video cha Naibu Waziri wa juzi na kuandika chini yake, "Wenzetu wamepata." Nikamjibu: wamepata ngapi? Mpaka sasa naona tiki mbili za buluu.